Gari la kwanza la rimoti, unganisha mwenyewe

Mtu akiniuliza aanze na gari gani la rimoti, mara nyingi ameshaliona moja linalouzwa likiwa kamili: unalitoa kwenye boksi, unachaji, unaendesha. Namwambia aliache, atafute la kuunganisha mwenyewe. Gari hizi zinavunjika, hilo halina mjadala. Siku mkono wa usukani ukikatika, aliyeliunganisha anajua pa kuanzia. Aliyelinunua likiwa kamili analirudisha kabatini na mchezo unaishia hapo.

Langu la kwanza lilikuwa Grasshopper, yaani Panzi, la kampuni ya Tamiya. Lilitoka Japani mwaka 1984, baadaye likarudishwa tena sokoni. Binamu yangu aliniletea kutoka Dubai. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mota yake ni ndogo, na shokomzoba zake hazina mafuta, ni springi tupu, ndiyo maana kwenye makorongo linaruka kama panzi kweli. Kuna magari makali zaidi, lakini kwa anayeanza sijaona linaloeleweka upesi kama hili.

Kabla hujalipa, uliza nini kimo ndani ya boksi. Kwa kawaida rimoti, sevo ya usukani (kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele), betri na chaja unanunua kando, na hapo ndipo bajeti za wengi zinapokatikia. Usikimbilie mota kali. Chukua betri ya NiMH (ya nikeli) ya volti 7.2 na chaja inayojikata yenyewe betri ikijaa. Betri za LiPo (za lithiamu) ni nyepesi na zina nguvu, lakini seli yake ikishuka chini ya volti 3 inaharibika, na ukikosea kuichaji inaweza kuwaka moto. Ziache mpaka uwe umezoea.

Skrubu nazo zina mambo yake. Za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha JIS, si sawa kabisa na bisibisi ya nyota tuliyozoea. Ya kawaida inateleza na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi yake, itakutumikia miaka. Halafu kumbuka kwamba skrubu nyingi zinaingia kwenye plastiki na kujichongea njia zenyewe. Ukifungua na kurudishia, usikaze moja kwa moja. Zungusha kwanza kinyumenyume, taratibu, mpaka usikie kwenye vidole kama imedondoka kidogo, "tk". Hapo imekaa kwenye njia yake ya zamani, sasa kaza, na ikigusa tu, acha. Tundu la plastiki likishalika, skrubu haishiki tena.

Kosa lililoniumiza lilikuwa kwenye sevo. Nilifunga mkono wake, ule unaosukuma usukani, kabla ya kuiwasha. Gari likawa linavuta kushoto muda wote, ikabidi nifumue sehemu yote ya mbele usiku, kazi ya saa mbili. Washa umeme kwanza, sevo ijiweke katikati, ndipo ufunge mkono.

Na siku zote rimoti ndiyo ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Ukiizima mapema, gari linaweza kuondoka lenyewe bila mtu wa kulishika.

Kuendesha nako ni kujifunza. Likiondoka kwako, kulia ni kulia, lakini likigeuka kurudi, mikono inachanganyikiwa kwa sababu kulia kwake sasa ni kushoto kwako. Jione umeketi ndani yake. Mimi niliweka kandambili mbili uwanjani, hatua kama kumi kati yake, nikawa nazizunguka kwa umbo la nane mpaka betri iishe, kila jioni, karibu wiki mbili. Kwenye kona punguza moto kabla ya kukata, maana gari la kusukumwa nyuma ukilikanyagia katikati ya kona linageuka mkia mbele.

Ukimaliza, lipige brashi kavu, hasa kwenye ekseli. Kama boksi lilikuja na bushi, yaani vipete vya ekseli visivyo na gololi, badilisha uweke beringi, si ghali na gari linakuwa jepesi waziwazi. Ufukweni usilipeleke hata kama mchanga unavutia. Nililipeleka mara moja tu, na wiki iliyofuata beringi mbili zilikuwa zimeshika kutu, hazizunguki.