Taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba iko salama

Wengi wetu tunampima fundi umeme kwa jambo moja: taa zimewaka, basi kazi imekwisha, apewe hela yake. Lakini taa huwaka hata kwenye nyumba isiyo na ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Soketi huchaji simu vizuri tu hata kama waya ulio nyuma yake ni mwembamba kuliko unavyotakiwa. Kazi mbovu ya umeme hukaa kimya ukutani mpaka siku kifaa kimoja kiharibike.

Nyumba moja niliyopanga Dar es Salaam ilikuwa na hita ya kuogea, zile zinazopasha maji papo hapo juu ya bomba la mvua. Ukigusa bomba, unasikia umeme unakutekenya vidoleni. Jirani alinishauri nivae ndala, eti hita zote ziko hivyo. Hapana, ndugu zangu. Bomba likikutekenya, umeme unavuja, na anayefuata kuoga anaweza kuwa mtoto. Nikazima hita na kumtafuta fundi mwenye leseni.

Huyu fundi hakuanza bafuni. Alizunguka nje kutafuta ethi. Fimbo ya ethi ilikuwepo, imechimbiwa vizuri kabisa, ila waya wake ulipanda ukutani ukaishia hewani, haukufika kwenye men swichi. Maana yake kila soketi ya nyumba ile ilikuwa na tundu la tatu lisilo na kazi yoyote. Aliyefanya kazi ile alijua mkaguzi wa haraka angeangalia fimbo tu.

Elewa kwa nini hilo ni jambo la kufa na kupona. Koili ya hita ikipasuka, umeme huvujia kwenye maji na bomba. Ethi ikiwepo, umeme huo unapata njia ya kwenda ardhini. Isipokuwepo, njia ni wewe uliyesimama umelowa. Na usitegemee sakiti breka ikuokoe. Breka ya ampea 32 haishtuki mpaka mkondo uzidi ampea 32, wakati moyo wa binadamu unaweza kusimamishwa na makumi machache tu ya miliampea, ambazo hazifiki hata ampea moja. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine cha kwenye boksi la breka, kinaitwa RCCB. Hicho hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 kinakata mara moja. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, kisipokata, kibadilishwe. Kama kwenye boksi lako la breka hakuna kitufe hicho, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kumwambia fundi, hata kabla ya taa za urembo.

Fundi yule aligundua na jambo la pili. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 4 au 6. Ile ya kwetu ilikuwa imeungwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, pamoja na friji. Breka ilipokuwa inaangukaanguka, mtu alikuja akaweka kubwa zaidi. Fundi anayekuongezea breka bila kuangalia waya anakuandalia moto ndani ya ukuta. Mwambie asimame hapo hapo.

Sasa kumpata fundi wa kweli. Kwa Tanzania, TANESCO, shirika la umeme, inaishia kwenye mita; kuanzia hapo kuja ndani ni kazi ya fundi aliyepewa leseni na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kenya leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati ya huko. Leseni zina madaraja, na daraja ndilo linalosema anaruhusiwa kazi ya ukubwa gani, kwa hiyo soma daraja na tarehe ya mwisho, usiangalie nembo tu. Halafu hakikisha mwenye jina kwenye leseni ndiye anayesimamia kazi. Nasema hivi kwa sababu nimeona nyumba zilizofanywa na vishoka, mafundi wasio na leseni, kisha mchoro ukapelekwa kwa mtu mwenye mhuri, akagonga bila kufika saiti. Mhuri wa namna hiyo unakupatia umeme, haukupatii usalama.

Muulize swali moja kabla ya kupatana bei: ukimaliza utapima kwa kifaa gani? Anayejua kazi atakutajia mega ya kupima kama nyaya hazivuji, na kipimo cha ethi. Anayekuonyesha testa ya bisibisi peke yake bado hajafika.

Vifaa nunua mwenyewe ukiweza, ukiwa naye dukani. Soma maandishi juu ya waya: saizi, na 450/750V. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe ndani, hiyo si kopa, ni aluminiamu iliyofunikwa shaba kidogo juu. Irudishe.

Kama unajenga, usiruhusu plasta ipigwe kabla hujapiga picha kuta zote zikiwa na mabomba ya nyaya wazi. Siku utakapotoboa ukuta kutundika kabati utazihitaji picha hizo. Na kama nyumba ni ya zamani na hela haitoshi kubadilisha kila kitu, anza na ethi na RCCB, fuata bafuni na jikoni, vyumba vya kulala visubiri. Mwombe fundi aandike kwenye boksi kila breka inalisha wapi, akuachie na mchoro. Mchoro huo utunze pamoja na hati za nyumba, maana fundi atakayekuja baada yake ataanzia hapo.