Mdogo wako asiache haloperidoli kimyakimya

Pole sana dada. Umesema mdogo wako ana miezi miwili akitumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, na sauti alizokuwa akizisikia kichwani zimepungua, lakini anatetemeka, udenda unamtoka, amekuwa kama gogo, na baba anataka dawa ziachwe. Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaofanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, tangu 2013 na nimepita hapohapo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianzishiwa haloperidoli miligramu 5 asubuhi na jioni. Siku ya tatu shingo ikajipinda upande, macho yakageukia juu. Mama akadhani mambo yamepanda upya, akaanza kunisomea dua. Kituo cha afya walinidunga sindano, nusu saa haikuisha shingo ikarudi. Nikaongezewa benzeksoli, dawa ya kupunguza madhara hayo ya haloperidoli, wengi tunaiita Artane. Shingo haikupinda tena, ila mikono ilibaki inatetemeka. Nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akinitungia. Kliniki nikiulizwa naendeleaje, najibu "vizuri", maana sauti zilikuwa zimenyamaza na foleni nyuma yangu ni ndefu.

Nikaacha dawa bila kumwambia mtu. Wiki chache za mwanzo nilijiona mzima kabisa, uzi unapita tunduni mara moja. Mwezi wa pili cherehani ikaanza kunitukana. Kila nikikanyaga, ule mlio unageuka maneno. Mama alinitafuta siku mbili, akanikuta stendi, pekupeku, nimejaza pamba masikioni.

Daktari aliyenipokea safari hiyo nilimweleza habari ya uzi. Akanibadilishia olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huohuo, miligramu 10 usiku. Mikono imetulia na nashona sare za shule mwenyewe. Lakini nimeongezeka kilo 13 ndani ya mwaka mmoja, njaa huniamsha usiku, na sukari lazima nipimwe. Hilo nimelikubali, kwa kuwa kilo naweza kupambana nazo nikiwa na akili zangu. Mwingine angechagua tofauti, na ana haki.

Kwa hiyo mkifika kliniki msiseme tu "dawa zinamsumbua". Tajeni kitu alichokuwa anakiweza na sasa hakiwezi. Dozi inaweza kupunguzwa, Artane ikaongezwa, au dawa ikabadilishwa. Mwangalie pia akikaa: kama miguu haitulii, anainuka na kuzunguka chumba, mara nyingi hiyo ni dawa. Ikidhaniwa ni ugonjwa na dozi ikapandishwa, atateseka zaidi. Na akipata homa kali huku mwili umekakamaa na amechanganyikiwa, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, msingoje tarehe.

Baba usimbishie sana. Anaona mwanawe anatoka udenda mezani, lazima aogope. Mwombe asubiri mpaka mwonane na daktari, kwa sababu kukata dawa ghafla ndiko kulikonifikisha stendi.

Tarehe yake ya kliniki ni lini? Nenda naye mwenyewe ukiweza, na umwache aanze kuongea yeye.