Namuuguza mama peke yangu, nimwambieje bosi?

Pole sana, dada. Unauliza kama ni sawa kumwomba bosi akubadilishie saa za kazi kwa kuwa unamuuguza mama, na ufanyeje na kaka zako wanaopiga simu tu. Omba, tena kwa maandishi. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka wenye majukumu ya familia wasibaguliwe kazini. Ulizia kama nchi yako imeuridhia.

Kaka zako waandikie zamu: nani anamgeuza mama saa nane usiku, nani anafua mashuka. Asiyeweza kuja alipe wa kukupokea. Na muuguzi akufundishe kumnyanyua. Mgongo ukigoma, kama wangu ulivyogoma, mtakuwa wagonjwa wawili.