Hatua ambazo Morphy hakuzicheza

Wadogo zangu mnaoanza sataranji hapa Mbeya, wengi wenu mmetokea kwenye drafti, na mkono wa drafti una mazoea yake: ukilishwa, unakula. Kule ni sheria. Huku hakuna anayekulazimisha, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote ninayowafundisha vijana kila Jumamosi.

Mechi ninayowaanzishia ni ile ya Paris, 1858. Paul Morphy, Mmarekani wa miaka 21, alicheza na nyeupe ndani ya jumba la opera dhidi ya watu wawili waliokuwa wakishauriana, Duke wa Brunswick na Count Isouard. Iliisha kwa hatua 17. Kijana mwepesi anaikariri jioni moja, kisha anasema ameshaijua. Mimi mwenyewe niliikariri, nikakaa nayo mwaka mzima nikiamini hivyo hivyo.

Kisha Julai moja, baridi imekaza hadi vijana wanashika kete na mikono ndani ya mikono ya sweta, nilikuwa nimefika hatua ya 14. Morphy ameshatoa kafara farasi na ngome, sasa analeta ngome ya pili d1 (kila mraba una jina: herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari, 1 hadi 8). Ngome ya Mweusi iliyoko d7 imebanwa na askofu wa b5: ikiondoka, mfalme yuko wazi. Farasi wa f6 naye amebanwa na askofu wa g5, kwa sababu nyuma yake, e7, amesimama malkia. Kwenye mechi Mweusi alimpeleka malkia e6, akapigwa. Binti wa kidato cha pili, anayetoka Uyole, akauliza: "Mwalimu, na kama angempeleka b4?"

Sikuwa na jibu. Malkia akienda b4 anamtazama malkia wetu wa b3 uso kwa uso, farasi hajabanwa tena, na askofu wetu wa b5 anatishiwa. Vijana karibu wote wakasema kwa pamoja: kula! Tukajaribu. Malkia kwa malkia, kisha askofu anakula farasi f6, askari anarudisha, askofu mwingine anakula ngome d7 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme. Mweupe anabaki mbele kwa askari wawili. Si vibaya, ila mchezo umerefuka, na mtu mzembe anaweza kuuharibu.

Tukaurudisha ubao. Nikawauliza: ngome ya d7 inalindwa na nani? Na mfalme, na farasi wa f6. Basi tumwache malkia pale pale, aliwe akiliwa, tumwondoe farasi kwanza. Askofu wa g5 anakula f6. Mweusi akila malkia wetu b3, askofu wa b5 anakula d7 na ni chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia: d8 na e7 zinatazamwa na askofu wa f6, d7 inalindwa na ngome ya d1, na f7 na f8 zimezibwa na kete zake mwenyewe. Akirudisha kwa askari wa g, tunakula d7 kwa cheki: mfalme akienda e7, malkia wake wa b4 ni wetu bure; akienda d8, askofu wa f8 anamlinda malkia, lakini tukibadilishana malkia tunabaki mbele kwa askari wawili. Chai ilikuwa imeshapoa tulipomaliza. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini Morphy hakuwa na haja ya kuogopa b4.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukua kaunta buku, funika hatua zilizochapishwa kwa kipande cha karatasi, na kila zamu jiulize kwanza kuhusu cheki, kisha kuhusu kula, kisha kuhusu vitisho. Andika hatua yako kabla ya kufunua, na mbele yake andika sababu kwa Kiswahili chako. Msikimbilie sana hatua za mshindi. Hizo zinapendeza zenyewe. Kaeni na hatua za aliyeshindwa, mkamtafutie njia ya kuokoka kama vile ni ndugu yenu. Mfano hatua ya 12: badala ya ngome d8, Mweusi angemficha mfalme upande wa malkia, yaani mfalme aende c8 na ngome d8 kwa hatua moja? Askofu a6 cheki, mfalme c7, malkia b7, kwisha. Na hatua ya 8, Morphy angeweza kula askari wa b7, ila Mweusi angetoa cheki kwa malkia b4 na malkia wote wangetoka ubaoni. Alimleta farasi c3, akaendelea kushambulia.

Programu za kompyuta za kuchambua sataranji, kama Stockfish, ziacheni mwishoni. Zinakupa namba ya nani yuko mbele, hazikupi sababu, na ukishaiona namba jicho linaacha kutafuta. Umeme ukikatika siku ya mazoezi, mimi nafurahi.

Mechi ya Anderssen na Kieseritzky, London 1851, iwekeni kando kwanza. Ni tamu, lakini matawi yake, yaani njia ambazo mchezo ungeweza kufuata, ni mengi mno kwa anayeanza. Hii ya Paris majibu ya Mweusi ni machache, unaweza kufika mwisho wa kila tawi.

Wiki hii pangeni ubao baada ya hatua ya 9, askofu akiwa ametua g5. Mweusi alisukuma askari b5, na hapo ndipo farasi alipotolewa. Mimi naipenda malkia c7: inalinda b7 na kumfungulia njia askofu wa f8, ambaye kwenye mechi hakusogea hata mara moja. Jumamosi njooni na mabuku mniambie Morphy angejibu nini.