Kumuuliza mtoto kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo

Unaogopa kwamba kumuuliza mtoto kama anafikiria kujiua kutampa wazo hilo? Hapana, hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hivyo waziwazi, na utafiti uliofanywa Marekani kwa wanafunzi wa sekondari, ukachapishwa 2005, ulikuta walioulizwa hawakuzidi wenzao kwa mawazo hayo. Mwenye nayo mara nyingi hupata nafuu kwamba angalau kuna mtu kaona.

Muulize kwa maneno yenyewe, mkiwa wawili, simu pembeni: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Usizungushe kwa "huwezi kufanya ujinga huo, eti?" maana hapo umeshampa jibu unalotaka kulisikia. Akisema ndiyo, msikilize kwanza. Mahubiri, viboko na "unatutia aibu" vinamfunga mdomo tu, na kesho hatakwambia tena.

Ila kuuliza peke yake hakutoshi. Siku hiyohiyo dawa zote za nyumbani, hata vile vidonge vya presha vya bibi pale juu ya kabati, pamoja na sumu za shambani, zifungiwe asikofika. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Na akisema ana mpango, asiachwe peke yake hata dakika; mpelekeni hospitali. Namba 116 ya huduma kwa watoto ni ya bure, Kenya na Tanzania, na mzazi pia anaruhusiwa kupiga.