Honi ya feri naisikia, maneno yananipita

SWALI: Assalaam aleikum, tabibu. Mimi ni mshonaji hapa Majengo, nina miaka 56. Nikivuka Likoni honi ya feri naisikia, ngoma ya harusi naisikia, lakini mtu akisema nami naambulia mvumo tu. Juzi mteja kasema kiuno sabini, nikakata tisini. Mashine za masikio nimevaa miaka, hazinitengi maneno. Sasa naambiwa niende Nairobi nikatiwe kipandikizi cha koklea. Hiki kidogo nilichobakiwa nacho si kitakwenda nacho?
Mama wa Cherehani

JIBU: Waleikum salaam, mama. Kinaweza kwenda, sikufichi. Na daktari akikuapia kwamba hakitapungua hata chembe, mshukuru, utafute mwingine.

Koklea ni kikonokono kidogo ndani ya sikio, kilichojikunja mizunguko miwili na nusu; kipandikizi ni kifaa chenye waya unaotiwa humo, uamshe mshipa wa kusikia kwa umeme. Sauti nyembamba, zile za s na t, hupokewa mlangoni mwake. Nzito, kama honi, hupokewa ndani kabisa. Kwako mlango umekufa, ndani bado kunapumua. Na waya wa kipandikizi hauna njia nyingine ila mlangoni.

Wewe hupitisha mpira kwenye pindo la sketi. Ukisukuma kwa pupa, pini hupinda ikatoboa kitambaa. Humo sikioni kitambaa ni utando laini wenye chembe za kusikia, nazo zikifa hazioti tena. Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu huchagua waya mwembamba, laini, akaupitisha polepole kwa dakika kadhaa, japo ni wa sentimita mbili au tatu tu. Hutoa pia steroidi kutuliza uvimbe. Hata hivyo wapo wanaotoka salama, kisha usikivu ukafifia miezi baadaye, kovu likishajijenga ndani.

Usikivu huo ukisalimika, sikio hilohilo hupata vyote viwili: umeme kwa sauti nyembamba, mashine ya kukuza kwa nzito. Madaktari wa Frankfurt, Ujerumani, waliueleza mtindo huo mwaka 1999. Faida yake utaiona penye makelele, Marikiti kwa mfano, na kwenye taarabu.

Sasa, kabla hujauliza bei (najua utaanza na bei), uliza urefu wa waya. Mfupi hauisumbui sehemu ya ndani; lakini usikivu huo ukija kupotea, mfupi haufiki kule kuushika mahali pake. Uliza pia ni sikio lipi. Mara nyingi huanzwa lililo bovu zaidi, lile jingine likabaki na mashine yake, na honi yako ikabaki humo.

Mimi ningekubali. Unachoogopa kupoteza ni honi. Maneno ulishayapoteza zamani. Nenda na vipimo vyako vyote, hata vya zamani, mpasuaji aone kama sauti nzito zimetulia au zinashuka zenyewe.

Lile gauni usilitupe. Tisini hupunguzwa.