Ukiona vidoa na mimweko machoni, usingoje maumivu

Retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina hisia ya maumivu. Inaweza kuchanika nawe umekaa barazani unakunywa kahawa, usisikie kitu. Nalitanguliza hili kwa sababu sisi Wapemba maradhi tunayapimia maumivu: haliumi, basi tungoje.

Mimi yalinianza msimu wa karafuu. Nikiinua uso kutazama mbingu naona nyuzi na vidoa vyeusi jicho la kulia. Nikiligeuza jicho navyo vyakimbia, nikitulia vinateremka taratibu. Usiku, gizani, mimweko ikawa inapita pembeni mithili ya radi ya mbali. Jirani yangu, kwa mapenzi, akaniletea asali niitie jichoni. Nilimshukuru, sikuitia. Nawaombeni nyote: asali, wanja na maziwa ya mama havifiki huko ndani, na vinaweza kuleta maradhi mengine. Nilikwenda kwa daktari wa macho siku ileile.

Alinifahamisha kwamba ndani ya jicho mna ute mzito, karibu wote ni maji. Umri ukifika miaka 50 na kuendelea, ute huo husinyaa na kujibandua kwenye retina. Chembe zake zilizogandana hutia kivuli, ndivyo vidoa. Ute unapoivuta retina, wewe unaona mimweko. Wasioona mbali, waliopasuliwa mtoto wa jicho na waliowahi kupigwa jichoni huweza kuanza mapema zaidi. Wengi hawadhuriki, wanavizoea tu. Tabu ni pale ute unapong'ang'ania retina hadi ukaichana.

Kwa hiyo vidoa vingi vikizuka ghafla, mimweko mipya ikianza, au kivuli kikifunika upande mmoja wa unachokiona, nenda siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asichelewe hata kidogo, maana kwake huenda ikawa ni damu inayovuja ndani ya jicho. Mchaniko ukiwahiwa huzungushiwa leza, mwanga mkali wa kuishikiza retina isibanduke. Retina ikishabanduka, ni upasuaji, na huenda ukalazimika kuvuka hadi Dar es Salaam. Boti zetu haziondoki kila saa, na retina iliyobanduka haisubiri ratiba.

Kabla ya kutoka nyumbani, ziba jicho moja, kisha la pili, ujue tatizo liko wapi. Mistari ya mwanga iliyopindapinda, ikionekana kwa macho yote mawili kisha ikaondoka kabla ya saa moja, mara nyingi ni kipandauso, lakini mwambie daktari vilevile.

Fuatana na mtu. Utatiwa dawa ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu, hivyo usiendeshe gari wala vespa. Hata ukiambiwa retina ni nzima, ulizia siku ya kurudi: mchaniko unaweza kutokea wiki chache baadaye, na vidoa vikiongezeka kabla ya siku hiyo, rudi palepale.